Viboko wa maingilio ya Ruvuma: mwongozo kamili wa ziara ya boti kutoka Kilambo

Mto Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, na baada ya takriban kilomita 800 unamwaga maji yake Bahari ya Hindi, kusini mwa Msimbati. Sehemu yake ya mwisho, yanapokutana maji matamu na ya chumvi, imo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 ikiwa na kilomita za mraba 650. Kuna viboko, mamba, kenge, tumbili, misitu ya mikoko na ndege wengi, tena kilomita 40 hivi tu kutoka Mtwara Mjini.

Mwongozo huu ni wa kijana wa Kilambo au Mahurunga, vijiji vya kando ya mto, au wa mjini, anayetaka kuanzisha ziara ya boti ya kutazama wanyama. Mgeni naye utamsaidia kujua boti ipi apande na ipi aiache. Kipimo kimoja kinatawala yote yaliyomo: mnyama aendelee na alichokuwa akikifanya kabla hujafika. Kiboko aliyekuwa amelala akainua kichwa na kukukazia macho, ndege aliyekuwa anavua akaruka, mamba aliyekuwa anaota jua akajitosa majini, wote wanakuambia jambo moja, kwamba umekaribia mno. Mgeni anaweza kufurahia kishindo hicho na kupiga picha. Wewe mwenye ziara kihesabu kuwa kosa.

Ruhusa, na mpaka uliomo mtoni

Anza na kijiji. Nenda ofisi ya mtendaji, ujitambulishe, ueleze unataka kupeleka watu wangapi na siku zipi, kisha uombe kukutana na BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Hawa ndio wanaojua nyavu zimetegwa wapi, viboko wamehamia kona ipi na nani amejeruhiwa na mamba mwaka huu. Ukiwapita, utakwama kwenye nyavu zao siku ya kwanza, na siku ya pili hutapata mtu wa kukuvuta.

Ofisi ya Hifadhi ya Bahari inafuata. Hifadhi hizi zinaendeshwa kwa Sheria Na. 29 ya mwaka 1994, na mgeni hulipa kiingilio kwa namba ya malipo ya serikali. Mwambie alipe mwenyewe na abaki na risiti yake. Usikusanye kiingilio mkononi hata kama unaona ni kumrahisishia, kwa kuwa hapo ndipo maneno huanzia. Boti iwe imekaguliwa na kupewa cheti na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini. Anayeuza ziara kama biashara awe na leseni ya utalii ambayo wengi wanaiita TALA, na kama huna, fanya kazi chini ya kampuni iliyo nayo hadi upate yako.

Halafu kuna suala la mpaka. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji, na mpaka wenyewe umo majini. Kaskazini mwa Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana nasi, kumekuwa na mashambulizi ya wenye silaha tangu Oktoba 2017, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu, kilishambuliwa. Kwa hiyo kila ziara iulizwe upya: siku moja kabla, wasiliana na mtendaji na kituo cha polisi, sikiliza wanavyosema, na wakisema hapana usitafute njia ya kuzunguka. Kila aliyemo botini awe na kitambulisho, mgeni wa nje awe na pasipoti. Usishuke kwenye fungu la mchanga lililo upande wa kusini hata kama viboko wake ni wazuri kuliko wa kwetu. Usipige picha askari, vituo vyao wala shughuli za kivuko. Ndege isiyo na rubani isahau kabisa: inahitaji vibali, mpakani itakuletea matatizo na askari, na kwa wanyama mvumo wake unatosha kulitosa kundi zima majini.

Soma maji kwanza, ndipo utangaze tarehe

Ziara nyingi za Kilambo huharibika kwa sababu ya saa, wala si kwa sababu ya wanyama. Mwandaaji amezoea kuwa wanyama huonekana asubuhi, anatangaza saa 12 asubuhi Jumamosi, na Jumamosi yenyewe imeangukia bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Saa 3 boti imekaa juu ya mchanga na wageni wanane wanapikwa na jua.

Hesabu ni hii. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku mbili zinazofuata, pwani yetu maji hujaa kwenye saa 10 alfajiri na tena saa 10 jioni, na hupwa kabisa kwenye saa 4 asubuhi. Tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hupwa kwenye saa 10 alfajiri na hujaa kwenye saa 4 asubuhi, na tofauti huwa mita 1 na kidogo. Kati ya hapo, kila siku inasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kama leo yamejaa saa 10 jioni, kesho yatajaa saa 10 na dakika 50.

Kwa hiyo ziara ya asubuhi ipange siku za maji mafu. Ukiondoka saa 12 na nusu, maji yanapanda pamoja nawe. Ukigusa mchanga, baada ya robo saa boti inaelea yenyewe. Unarudi kwenye saa 4 maji yakiwa yamejaa na mikondo ya mikoko ikipitika. Siku za bamvua tumia alasiri: ondoka saa 8 mchana, maji yakiwa katikati ya kupanda, na uwe umegeuza kabla ya saa 10 jioni. Tatizo la alasiri ni upepo. Kusi, hasa Juni hadi Agosti, huchafua maji karibu na mlango wa mto, basi alasiri za miezi hiyo baki ndani, upande wa juu wa kivuko.

Jedwali la kujaa na kupwa la bandari ya Mtwara lisichukuliwe kama lilivyo. Ndani ya mto maji huchelewa, na kadiri unavyopanda ndivyo yanavyochelewa zaidi. Mvuvi wa hapo hapo atakuambia yanachelewa kiasi gani kwenye kona unayoitaka. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kuchomeka mti kwenye tope la ukingo unapofika, ukautia alama kwenye usawa wa maji, kisha ukautazama wakati wageni wanavaa maboya. Kama alama imezama, maji yanapanda. Kama imeachwa juu wakati wewe ulitarajia yapande, ahirisha.

Msimu hauna mjadala mrefu. Mvua zetu ni Desemba hadi Aprili, na mto ukifurika unabeba magogo, maji yanakuwa mekundu, viboko wanatawanyika kwenye majani ya mabondeni. Juni hadi Novemba ndiyo miezi ya kazi, na iliyo bora ni Septemba na Oktoba: mto umepungua, viboko wamejikusanya kwenye vilindi vilivyobaki, kusi imelegea.

Boti, mashine na vilivyomo

Mtumbwi wa gogo usipeleke mgeni kwa viboko. Wavuvi wanautumia kwa sababu ndio walio nao, na wanalipa gharama yake. Tafuta boti ya faiba au ya mbao yenye urefu wa mita 7 hivi, pana, yenye tako bapa linaloweza kupita kwenye maji ya nusu mita. Boti ya namna hiyo ibebe wageni sita, nahodha, mpiga pondo (mwenye mti mrefu wa kusukumia boti) na mwongozaji. Cheti kikiruhusu zaidi, bado baki na sita. Boti ikishajaa, ubavu ubaki juu ya maji angalau sentimita 30 pale ulipo chini kabisa. Turubai la kivuli ni zuri mtoni, lakini kwenye upepo linakuwa tanga, basi lifungwe kwa namna ambayo mtu mmoja anaweza kulikunja kwa dakika moja.

Mashine ya nguvu za farasi 15 inatosha. Ya mizunguko minne ina kelele ndogo na haimwagi mafuta majini, na ukiwa na uwezo nunua hiyo. Ya mizunguko miwili huchanganywa mililita 20 za oili kwa kila lita moja ya petroli, yaani lita 20 kwa mililita 400. Oili ikizidi, moshi unatanda na plagi zinachafuka. Ikipungua, mashine inakufa. Petroli igawe mafungu matatu: la kwendea, la kurudia na la dharura. La dharura usiliguse kwa ajili ya "tusogee kidogo tuone kona ile". Petroli imiminwe kwenye tangi ufukweni, kwa faneli na kitambaa, kamwe isimiminwe mkiwa katikati ya mto.

Vya kubeba bila kujadiliana: boya la kuvaa kwa kila mtu (la mtoto liwe la mtoto), pondo mbili za mita 4, makafi mawili, nanga yenye kamba ya mita 30, ndoo ya kutolea maji botini, plagi ya akiba na spana yake, pini za propela, kamba ya kuwashia, kisu, firimbi, tochi, simu mbili za mitandao tofauti kwenye mifuko isiyopitisha maji, na sanduku la huduma ya kwanza lenye bandeji pana za kutosha. Maji ya kunywa ni lita moja na nusu kwa kila mgeni, tena kwenye madumu ya kujazia chupa zao wenyewe. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, lakini chupa ndogo za maji bado zinaelea hadi kwenye mikoko, na boti ya utalii isiongeze idadi yake.

Pondo ina kazi mbili. Ya kwanza ni kupima kina. Ya pili ni kukusogeza kimyakimya mashine ikiwa imezimwa, na hapo ndipo ziara inapopata thamani yake. Mpiga pondo mzuri ni wa kutafutwa kabla ya mwongozaji mwenye Kiingereza kizuri. Wengi hufanya kinyume.

Maneno ya ufukweni

Dakika kumi kabla ya kupanda, wageni wakiwa wamesimama kivulini na wameshajisaidia (botini hakuna choo, na kushuka ukingoni ni hatari), mwongozaji aseme mambo machache kwa sauti ya kawaida. Mfano:

"Karibuni sana Kilambo. Boya linavaliwa hadi tutakaporudi hapa. Mkono hautoki nje ya boti, mguu hautoki, hata kuosha kikombe. Hakuna kusimama mpaka nahodha aseme. Tukikaribia viboko tunanong'ona. Tukiwakuta wana watoto, tunakaa mbali zaidi. Wakiwa wamekasirika, au maji hayaturuhusu, tunageuza, na nahodha akishageuza hakuna wa kumwomba arudi. Hatuwapigii kelele wala hatuwarushii kitu ili wafumbue mdomo. Watu mtakaowaona wanaoga au wanachota maji hawapigwi picha. Kama kuna ambaye hayawezi haya, aseme sasa, tutamrudishia fedha yake."

Maneno ya mwisho yasemwe kwa uzito. Mgeni aliyeahidiwa kurudishiwa fedha ufukweni hana sababu ya kumshinikiza nahodha mtoni. Tangu siku ya kutangaza, tumia maneno "kutafuta viboko" na usitumie "kuona viboko kwa hakika". Nahodha aliyebanwa na ahadi yako ndiye atakayewasukuma wanyama ili ahadi itimie.

Kwa viboko wenyewe

Kiboko haogelei kama watu wanavyodhani. Anatembea na kujisukuma kwenye sakafu ya mto, kwa hiyo hupenda mahali anapoweza kusimama kichwa kikiwa nje na pembeni pana kilindi cha kukimbilia. Mchana yuko majini kwa sababu ngozi yake haivumilii jua. Usiku anatoka kula majani, kilo 40 hivi, na alfajiri anarudi. Akizama huibuka kila baada ya dakika tatu hadi tano. Karibu kila kanuni ya boti inatokana na mambo haya matatu.

Kwanza, jua kilindi kiko wapi kabla ya kusogea. Kiboko akiogopa anakimbilia maji marefu, na boti iliyosimama kati yake na kilindi imemfungia mlango. Ajali nyingi ni hizo: mnyama hakukusudia kushambulia, njia yake ilizibwa. Wakiwa kwenye maji mafupi, wewe pita upande wao wa nchi kavu ulio wazi na mpana, au usipite kabisa. Wakiwa kilindini, fuata upande wa ndani wa kona, penye maji mafupi, pondo ikipima njia yote. Kona za nje za mto ndizo zenye kina na ndizo nyumba zao.

Pili, hesabu vichwa kwa muda wa kutosha. Unapowaona kwa mara ya kwanza kutoka mita 200, simama. Nanga isishushwe. Mpiga pondo ashikilie boti kwenye mchanga. Subiri dakika sita. Ukihesabu mara moja utaona watano. Ukisubiri wote waibuke kwa zamu unaweza kukuta ni tisa, na mmoja wao yuko upande uliotaka kupita. Dakika hizi sita ndizo zinazookoa maisha, na kwa bahati njema wageni huwa wamepotelea kwenye darubini, hawachoki.

Tatu, kusogea. Sogea kwa mwendo wa mtu anayetembea, mashine ikinguruma kwa sauti ileile, kwa kuwa kinachomshtua kiboko zaidi ni sauti kubadilika ghafla. Usielekeze omo, yaani pua ya boti, moja kwa moja kwao. Kata kwa ubavu, kama mtu anayepita zake. Mita 100 zima mashine na endelea kwa pondo. Mita 60 ndiyo mwisho, na kundi lenye mtoto mwisho wake ni mita 100. Hapo baki dakika 15, zisizidi 20, kisha ondoka hata kama wametulia. Ziara moja haiwachoshi. Boti tatu kwa siku, kila moja nusu saa, zitawahamisha kundi hilo kabla msimu haujaisha, nao watahamia penye mashamba ya mpunga. Ndiyo maana waendeshaji wa sehemu moja lazima wagawane siku na kona.

Kugonga ubavu wa boti kuna wakati wake. Unapoingia kona usiyoiona mbele, gonga kwa kafi mara tatu polepole, tulia, gonga tena. Kiboko aliye chini anaibuka kutazama, nawe unajua alipo. Lakini kugonga mbele ya kundi ulilokwisha kuliona, ili wainue vichwa wapigwe picha, ni uchokozi. Kitendo ni kilekile, na mgeni hatajua tofauti kama hukumweleza.

Jifunze lugha yao. Miayo mipana inayorudiwa ikielekezwa kwako ni kukuonyesha meno, haina usingizi ndani yake. Kutikisa kichwa huku akirusha maji, kukoroma kwa mfululizo, dume kujitenga na kuja mbele ya kundi: geuza. Dume akizama akiwa amekutazama, tafuta mstari wa mapovu au wimbi dogo linalokuja. Hapo washa mashine, elekea maji mafupi, usiende kasi kuelekea kilindini. Aliye peke yake ukingoni kwenye majani achwe kabisa, kwa kuwa nchi kavu anakimbia kilomita 30 kwa saa na mto uko nyuma yako.

Mamba na mafungu ya mchanga

Mgeni yeyote akiona fungu jeupe la mchanga katikati ya mto anataka kushuka apige picha. Jibu ni hapana, na sababu ya usalama ni nusu tu ya jibu. Wakati wa kiangazi mamba jike anachimba shimo kwenye mchanga mkavu ulio juu ya usawa wa maji, anataga mayai yanayoweza kufika hamsini na zaidi, anayafukia na kuyalinda karibu miezi mitatu hadi yaanguliwe mvua zinapokaribia. Watu wakishuka, mama anajitosa. Kenge, ambaye amekuwa akingoja fursa hiyo, anafukua kwa dakika chache. Hakuna aliyegusa yai, hakuna aliyerusha jiwe, na uzao wa mwaka mzima umekwenda.

Kutoka majini mtazame mamba aliye juu ya mchanga kwa mita 40 au zaidi, mkiwa kimya. Akifumbua mdomo bila kusonga anapooza mwili tu, msimwogope. Akianza kuinua tumbo kutoka ardhini yuko tayari kuondoka, basi ondokeni nyie kwanza.

Kamwe usimtupie samaki. Mamba anayezoeshwa kuhusisha sauti ya mashine na chakula ataifuata sauti hiyo hadi gatini, na gatini ndipo akina mama wanapofulia. Jambo hili peke yake linatosha kufungia boti.

Mikoko na ndege

Kurudi, kama maji yamejaa, ingia mkondo wa mikoko kwa pondo. Mkoko wenyewe utaujua kwa mizizi yake iliyopinda kama matao. Mchu hutoa vijizizi vilivyosimama wima topeni. Mlilana uko mbele kabisa, miguu majini. Mkomafi una matunda makubwa ya duara. Kaa wapo, vijisamaki vinavyorukaruka juu ya tope vipo, na tumbili hushuka maji yakipwa kutafuta riziki. Furukombe anakaa juu ya mti mkavu na mara nyingi atakuvumilia kuliko yangeyange. Mdiria na keremkerem huchimba viota kwenye kingo za udongo zilizosimama wima, kwa hiyo pita mbali na kingo hizo na usilete wimbi: wimbi la boti linamega udongo na viota vyake. Usikate tawi hata moja ili boti ipite, mikoko ni msitu wa serikali. Penye njia nyembamba, geuza.

Yanayoharibika, na la kufanya

Kukwama mchangani maji yakipwa kuna dakika chache tu za kujiokoa. Zima na inua mashine, wageni wahamie upande ulio kwenye kina, mpiga pondo asukume kurudi mlikotoka. Hakuna anayeruka majini kusukuma, hata pakiwa na kina cha magoti, hata nahodha. Ikishindikana shusha nanga, funga turubai la kivuli, piga simu kijijini, kaeni hadi maji yarudi. Inaudhi, haiui.

Propela kunasa nyavu: zima mara moja, inua, fumua kwa mkono. Ukilazimika kukata, chukua jina la mwenye nyavu na umlipe siku hiyo hiyo. Dawa ya kweli ni kuuliza mapema. Ukikutana na mvuvi punguza mwendo na umwamkie, "Habari za maji, kaka? Nyavu zimelala upande gani?" Akiwa mtu mzima, shikamoo kwanza, maswali baadaye.

Mashine ikizimika na kukataa, mara nyingi ni plagi, uchafu kwenye petroli, au tundu la hewa la tangi lililosahauliwa kufunguliwa. Anza na la mwisho.

Boti ikipinduliwa na kiboko, achaneni na boti, kwa kuwa ndiyo anayoishambulia. Ogeleeni kuelekea ukingo ulio karibu, mbali na kundi, na maboya yabaki mwilini. Jeraha la mamba au kiboko hukandamizwa kwa bandeji, damu ikigoma kusimama mkono au mguu unafungwa juu ya jeraha na saa ya kufunga inaandikwa, kisha moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, hata kama jeraha linaonekana dogo. Meno ya wanyama hawa huacha uchafu ndani kabisa ya nyama. Gari la kukimbiza mgonjwa liwe linangoja gatini muda wote wa ziara, lisiende kubeba abiria kwanza.

Fedha, na wanaoishi na mnyama huyo

Kwa mgeni kiboko ni picha. Kwa mkulima wa mpunga wa bondeni ni mtu aliyeingia shambani usiku akala kazi ya miezi minne, na kwa mama mwenye ndoo mamba ni sababu ya kumkataza mtoto asimfuate mtoni. Serikali ina kanuni za mwaka 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi kwa walioharibiwa mazao, waliojeruhiwa au kufiwa, lakini safari ya fomu ni ndefu. Ziara inayojiita rafiki wa mazingira huku kijiji kikibaki na hasara peke yake ina jina zuri, basi.

Tuseme wageni sita wanalipa shilingi 60,000 kila mmoja, jumla 360,000, kiingilio cha hifadhi kikiwa nje ya hesabu. Petroli na oili 90,000. Nahodha 40,000, mwongozaji 40,000, mpiga pondo 30,000. Maji, chai na vitafunio vya kununuliwa kijijini 24,000. Matengenezo ya boti 60,000. Mfuko wa kijiji 36,000. Unabaki na 40,000. Ukiona fungu la kijiji linaumiza, pandisha bei, usilipunguze. Na fungu hilo litolewe kwa risiti, mbele ya mtendaji na mwenyekiti wa BMU, kabla boti haijaondoka, lisingoje "mwisho wa mwezi". Kijiji kiamue chenyewe cha kulifanyia. Kizimba cha kuchotea maji, yaani uzio wa miti imara unaoingia majini ili watu wachote bila kufikiwa na mamba, ni jambo ambalo vijiji vya mtoni hulihitaji, lakini mwenye kuamua ni mkutano wao.

Bakshishi za wageni zigawanywe botini, mpiga pondo akiwepo.

Anayetaka tembo asidanganywe kuwa atawaona Kilambo. Mwelekeze Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule, wilayani Nanyumbu, ambako huo huo Ruvuma unapita kusini mwa pori.

Daftari

Baada ya kila ziara, kabla ya kuosha boti, andika kwenye daftari moja linalokaa kijijini: tarehe, saa ya kuondoka na kurudi, hali ya maji, kona mlizofika, viboko wangapi na watoto wangapi, mmekaa dakika ngapi, na safu moja ya mwisho ambayo wengi watataka kuiruka: je, walibadili walichokuwa wakifanya? Andika ndiyo au hapana, na kama ndiyo, mlikuwa umbali gani. Kona yoyote ikipata "ndiyo" tatu mfululizo, ifungwe mwezi mzima, na mwenyekiti wa BMU ndiye awe na sauti ya kuifungua.

Kisha hesabu maboya, yaoshwe kwa maji matamu, yaanikwe kivulini.